Bati la varanda linapogota ukutani: flashingi ikatwe iingie ndani ya ukuta au ibandikwe juu ya lipu?

Kusi_Kigamboni

Habari za saa hizi wakuu, naomba msaada wa mafundi wa kupaua na yeyote aliyewahi kupitia hili. Nyumba yangu iko Kigamboni, tofali za sementi za inchi 6, lipu na rangi vilishapigwa zamani, sasa tukaongeza varanda na jiko dogo upande wa nyuma, paa lake bati la migongo mipana geji 30, mteremko wa upande mmoja tu. Juu kabisa bati limegota kwenye ukuta wa sebule, alafu ubavuni linapakana na ukuta wa chumba cha watoto maana kile chumba kimetokeza mbele kuipita varanda. Kwa hiyo bati linakutana na ukuta sehemu mbili, kichwani na ubavuni.

Fundi aliyepaua hakuweka flashingi, yaani lile bati lililokunjwa la kufunika maungio ya paa na ukuta, alijaza sementi kwenye pembe yote na waya wa kuku ndani yake akasema hapo haivuji tena. Masika haya ndo tumeona. Sementi imepasuka mstari mrefu hadi ukucha unaingia, mvua ikija na upepo wa baharini maji yanatiririka sebuleni ukutani, na kule chini bati linapoishia kwenye gata ukuta wa chumba cha watoto umekuwa mweusi kwa nje, ndani rangi imevimba na kuna harufu ya ukungu. Mdogo wetu ana kifua, hilo ndo linaloniumiza kuliko hata hela.

Nimeita mafundi wengine kila mmoja na lake. Mmoja anasema tutoe sementi tuweke flashingi tuigongee misumari ya zege juu ya lipu tumalizie na silikoni, siku moja kazi imeisha. Mwingine anataka akate ukuta kwa grainda mstari mzima aingize bati ndani, bei yake imechangamka na mama watoto anaogopa ukuta kukatwa karibu na linta. Naomba kujua, kukata kuna madhara? Flashingi iwe na upana gani? Silikoni peke yake si inatosha? Na ile kona ya chini inaletwa na nini, maana pale sioni ufa wowote.

mpangaji_huru

Pole sana mkuu. Mi banda langu la duka lilikuwa linavuja hivo hivo pembeni, nikanunua ile tepu ya lami yenye karatasi ya kung'aa juu, nikasugua ukuta nikabandika nusu ukutani nusu kwenye bati. Mpaka sasa iko vizuri na hela yake ndogo. Jaribu hiyo kabla hujakata ukuta.

FundiBati_Moro

Mkuu Kusi pole na mtoto. Kazi yangu ni kupaua, Morogoro na Dar, na hili la pembe ya ukuta ndilo naitiwa zaidi kuliko kitu kingine chochote kwenye nyumba zilizoongezwa varanda, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa urefu.

Cha kwanza toa kabisa wazo la kuziba. Pale bati linapokutana na ukuta maji hayazibwi, yanaelekezwa. Kila kipande cha juu kilalie cha chini, maji yakiteremka ukutani yakute bati limetokea ndani ya ukuta, yatue juu yake, yashuke kwenye migongo yaende gata. Ukipanga hivyo hata gundi ikifa miaka ijayo bado maji hayana pa kupenya kwa sababu hayapandi mlima. Ukitegemea gundi, siku gundi ikiachia ndo siku hiyo hiyo unavuja. Ndugu yangu mpangaji_huru ile tepu inashika kweli ikiwa mpya na sehemu ikiwa safi, kwa kuzuia mvua ya wiki hii si mbaya, lakini kwenye lipu yenye rangi inashika rangi, haijashika ukuta, rangi ikibanduka tepu inaondoka nayo. Silikoni hivyo hivyo.

Sementi ilipasuka kwa sababu bati linatembea. Chuma cha mita 6 kikipanda joto nyuzi 40 kinarefuka karibu milimita 3, na bati la Dar saa nane mchana mkono hauvumilii, mvua ikipiga ghafla linapoa palepale. Ukuta hauendi popote. Sasa sementi iko katikati imeshika huku na huku, lazima ikatike, na ufa mwembamba kama ule unavuta maji ndani na kuyashika kuliko hata pangekuwa wazi. Waya wa kuku hauwezi kuzuia hilo. Alafu kuna jingine mafundi wengi hawalisemi, sementi yenye unyevu inakula bati. Bati nyingi siku hizi ni aluzinki, ile koti yake ni aluminiamu 55% na inayobaki karibu yote ni zinki, na vyote viwili havielewani na sementi mbichi. Ukibandua ile sementi angalia bati chini yake, ukikuta unga mweupe au vitobo badilisha hiyo bati, usiifunike na flashingi mpya ukadhani imepona.

Kuhusu kukata, fundi wa pili yuko sahihi na shemeji aondoe hofu. Kanuni ya mfereji wa kulala kwenye ukuta ni usizidi moja ya sita ya unene, tofali la inchi 6 ni sentimita 15, kwa hiyo mwisho wako ni sentimita 2.5. Kwenye hizo sentimita 2.5 lipu peke yake imeshachukua moja na nusu hivi, tofali lenyewe unaligusa kidogo tu. Ila akipima akaona mstari unaangukia kwenye linta au mkanda wa zege apandishe au ashushe, sitaki grainda ifike kwenye nondo, na kama tofali ni zile zenye matundu aseme mapema kwa sababu hapo kina kinapungua. Mfereji uwe unainama kidogo kuelekea nje, aupulize vumbi lote litoke kabla ya kuingiza kitu.

Vipimo. Kichwani, upande wa ukuta upandishwe sentimita 15, upande wa bati ushuke sentimita 20, maana paa za varanda mteremko wake ni mdogo na upepo wa kusi unasukuma maji yarudi nyuma. Ncha ya flashingi ikatwe meno kufuata migongo ya bati au ziwekwe zile sponji za umbo la bati chini yake, vinginevyo upepo unapita kwenye mabonde kama madirisha. Na kabla ya kufunika, kila bonde la bati kule kichwani likunjwe juu kwa koleo, hapo ndipo penye siri, maji yakisukumwa hadi juu yanakuta ukingo yanarudi. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu haionekani baadaye. Ubavuni flashingi ivuke mgongo mmoja mzima ishuke kwenye bonde linalofuata, bora ivuke miwili. Maungio yalaliane sentimita 15, unaanzia chini kwenye gata unapanda, kipande cha juu kinakalia cha chini, ukianza juu umeshaharibu.

Nikifanya kwangu natumia vipande viwili. Kimoja kinafungwa kwenye bati tu na kusimama wima ukutani bila kugongwa, cha pili kinatoka kwenye mfereji wa ukuta na kuning'inia juu ya cha kwanza sentimita 8 hivi. Hakuna skrubu inayowaunganisha. Bati likitembea linatembea na kipande chake, cha ukutani kinabaki kimetulia. Flashingi iliyofungwa huku kwenye bati na huku kwenye ukuta kwa misumari, hata iwe ya bei gani, itavuta misumari itoke.

Material iwe bati bapa la aina ile ile ya paa, geji 28 au ikiwezekana 26 (namba ikipungua bati ni nene zaidi), geji 30 inapinda kwa mkono. Usikubali risasi juu ya aluzinki wala shaba popote karibu, zinailia koti yake. Na silikoni ile yenye harufu kali ya siki iache dukani, asidi yake inashambulia zinki, omba isiyo na harufu ile au gundi ya poliyurethani, hiyo inaingia kwenye mfereji baada ya bati kukazwa kwa vipande vidogo vya bati vilivyokunjwa. Hapo gundi ni msaidizi tu.

Kusi_Kigamboni

Mkuu FundiBati asante sana, nimesoma na mama watoto tumeelewana. Kuna jambo sikulisema, dirisha la sebule kizingiti chake kiko chini sana, kutoka kwenye bati hadi kizingiti ni kama sentimita 10 tu. Hiyo sentimita 15 ya kupanda sitaipata pale. Na bado ile kona ya chini haijanitoka akilini, flashingi ikiwekwa vizuri juu ule weusi utaisha wenyewe?

Mswahili_Minnesota

Ndugu Kusi ile kona ngoja niisemee mimi. Naezeka nyumba huku Minnesota, na kitu unachokieleza ndicho tunachokifukua kila msimu kwenye nyumba za watu.

Nyumba za huku ukuta ni mbao, nje umevalishwa sidingi, yaani vibao vya kufunika ukuta, iwe ya vinili au mbao za sementi, na paa ni vigae vya lami. Pale paa linapopanda kando ya ukuta hatuweki flashingi moja ndefu, tunaweka vipande vifupi vilivyokunjwa pembe, kila safu ya vigae na kipande chake, inchi 4 ukutani na inchi 4 juu ya paa, vinalaliana kama magamba ya samaki. Karatasi ya kuzuia maji ya ukutani inateremka juu ya flashingi, sidingi inakuja juu ya vyote na inaishia inchi 1 hadi 2 juu ya paa, isiguse kigae. Pale chini ya sidingi hapazibwi na gundi, watu wakipaziba kwa kutaka usafi wanafungia maji ndani. Alichokieleza mzee FundiBati ndicho hicho hicho, tofauti ni kwamba huku safu ya juu ni sidingi na kwenu ni mfereji kwenye tofali.

Sasa kona yako. Paa linaishia kwenye gata lakini ukuta wa chumba unaendelea mbele, si ndio? Maji yote ya ubavuni yanateremka yakiwa yameegemea ukuta, yakifika mwisho wa bati yanapaswa kugeuka yaingie gata lakini hakuna kinachoyageuza, yanaendelea na ukuta, yanapita nyuma ya gata. Mvua moja kubwa paa zima la upande ule linamwagia sehemu pana kama kiganja. Ndo maana huoni ufa, hakuna ufa, ukuta unanyweshwa tu. Flashingi nzuri ya juu peke yake haitaponyesha, inaweza hata kuongeza maji pale maana sasa yote yanafika chini bila kupotea njiani.

Kinachotakiwa ni kipande cha mwisho cha flashingi kikunjwe kitoke nje ya ukuta kwa pembe, kiwe na ukingo wa kusimama sentimita 10 hivi, kiyarushe maji ndani ya gata. Kinawekwa KWANZA kabla ya vipande vingine vya ubavuni, kisha vingine vinakilalia. Huku sheria ya ujenzi inakidai kwenye nyumba mpya na bado mafundi wanakisahau, unabandua sidingi unakuta mbao ya ukuta imeoza unaichota kwa mkono na mwenye nyumba hakuwa na habari. Tofali lako haliozi ila linanyonya, ndo hiyo rangi na ukungu wa mtoto.

Na mwisho wa gata usichimbiwe kwenye lipu. Uache nafasi sentimita 2 au 3 kati ya gata na ukuta na gata liwe na kifuniko chake cha mwisho, hapo hata likifurika halimwagi ukutani.

BiMkubwa_Shangani

Assalam alaykum wanangu. Nafatilia kwa hamu maana kwetu Mji Mkongwe tuna bati limegota kwenye ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe na chokaa. Mjukuu keshaleta fundi ana grainda mkononi. Huo mfereji unakatwa vile vile?

FundiBati_Moro

Waalaykum salaam bibi, shikamoo. Hapana, hapo grainda iwekwe chini kwanza. Ukuta wa matumbawe mawe yake hayana mpangilio wa mstari na chokaa yake ni laini, grainda inatikisa na kulegeza hata mawe ambayo hayakuwa na shida. Fundi akwangue chokaa kwenye maungio ya mawe kwa tindo ndogo taratibu, flashingi ipande ngazi ngazi kufuata maungio hayo, kisha arudishie kwa chokaa, ASIREJESHE KWA SEMENTI. Ukuta ule unapumua, unyevu unaingia na kutoka, ukiubandika sementi unyevu unakwama nyuma yake na lipu inakuja kudondoka na kipande cha jiwe. Na chokaa nayo mbichi inakula aluzinki kama sementi, kwa hiyo ile sehemu ya bati inayoingia ukutani ipakwe rangi ya lami kwanza ikauke. Alafu bibi kabla ya yote mjukuu apite mamlaka ya Mji Mkongwe, mji ule uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000 na kugusa kuta za nje kuna vibali vyake.

Kusi, nirudi kwako. Mswahili_Minnesota amekueleza kona vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi, mfuate neno kwa neno. Bati la kipande kile likunjwe karakana kwenye mashine na maungio yake yafungwe kwa rivet na gundi katikati, usikubali kikunjwe kwa nyundo juu ya goti.

Dirisha. Sentimita 10 inatosha kama mfereji utakatwa moja kwa moja chini ya kizingiti, yaani flashingi iingie chini ya mdomo wa kizingiti na mdomo uivuke kwa mbele. Kila upande wa dirisha flashingi ipite kizingiti sentimita 15 ndipo ipande kufikia kimo cha kawaida, na pale inapopanda kipande cha juu kikalie cha chini kama nilivyosema. Ila nenda kakiangalie hicho kizingiti chenyewe. Vizingiti vingi vya sementi vimepigwa bapa, havina mteremko na chini yake hakuna ule mfereji mdogo wa kudondoshea tone. Maji yanatambaa chini ya kizingiti yanaingia ukutani JUU ya flashingi, yanashuka ndani ya tofali na kutokea sebuleni, na hapo unaweza kubadilisha flashingi kila mwaka na bado unavuja. Tofali la sementi na mchanga linapitisha maji, watu wanalichukulia kama jiwe. Nyufa ndogo za lipu juu ya varanda nazo ni mlango.

Ndo maana kabla ya kumlipa mtu yeyote fanya jaribio la mpira wa maji siku kavu. Mtu mmoja awe ndani na tochi. Anzia CHINI, mwagia gata na kona peke yake dakika kumi au kumi na tano, subiri. Kisha ubavuni kutoka chini kupanda. Kisha kichwani. Kisha kizingiti. Mwisho kabisa ukuta wa juu. Ukianza juu maji yanateremka yanalowesha kila kitu na hutajua lipi lilivuja. Pale ndani yatakapoonekana, sehemu uliyokuwa unamwagia ndiyo yenye tatizo, na zinaweza kuwa zaidi ya moja, kwa nyumba yako nategemea ziwe zaidi ya moja.

mpangaji_huru

Hili la kuanzia chini sikuwahi kulisikia. Asante mzee, nami nitaipima ile ya dukani maana tepu imeanza kuinuka pembeni kidogo.

Kusi_Kigamboni

Nimemwagia jana jioni na shemeji akiwa ndani. Kona ya chini imeonekana mapema sana, upande wa chumba cha watoto. Ubavuni pakavu. Kichwani kwenye ule ufa maji yakaingia sebuleni, na kizingiti nacho kikaleta unyevu polepole upande wa kushoto. Ukuta wa juu haukuleta kitu. Nimeongea na yule fundi wa grainda, amekubali vipande viwili na ile ya kugeuza maji, vipimo vyenu nimemwandikia kwenye karatasi. Swali la mwisho wazee wangu, chumba cha watoto nipake rangi lini? Mama yao anataka ipakwe wiki hii hii harufu iondoke.

FundiBati_Moro

Usipake sasa mkuu. Ukipaka rangi ya mafuta au hata ya maji kwenye ukuta uliolowa unafungia unyevu, itavimba tena na ukungu utarudi. Watoto walale chumba kingine, kwangua rangi yote iliyovimba mpaka ufikie lipu, ukungu uoshe kwa maji ya jiki ukiwa umefungua madirisha na umefunga pua, jiki isichanganywe na dawa nyingine yoyote ya usafi, kisha acha ukuta wazi. Kazi ya paa iishe kwanza, vuli bado iko mbali kwa hiyo una kiangazi chote cha kuukausha, na tofali la inchi 6 lililolowa hadi ndani linaweza kuchukua wiki nyingi. Kupima bandika karatasi ya nailoni ukutani kwa tepu pande zote usiku mmoja, asubuhi ukikuta jasho nyuma yake bado. Ikiwa kavu piga praima kisha rangi.

Mswahili_Minnesota

Na mwambie fundi akupigie picha za yale mabonde yaliyokunjwa kichwani na kile kipande cha kona kabla hajafunika. Picha za mwisho wa kazi hazikuonyeshi kitu.